Maharamia Wadogo Ngomeni: Jinsi ya Kuwatungia Ndugu Msako wa Hazina Fort Jesus, Mombasa

Familia nyingi zinazokwenda likizo pwani hucheza msako wa hazina kwa namna moja. Mzazi huchora ramani na kuitia alama ya msalaba, hufukia pakiti ya peremende mchangani mbele ya hoteli, kisha watoto huzibwa jicho moja kwa kitambaa cheusi na kuachiwa wakimbizane. Nusu saa haijaisha, mkubwa keshaipata, mdogo analia, na mzazi amegeuka kadhi wa kugawa peremende. Mwongozo huu unampendekezea anayekwenda Mombasa njia nyingine: upelekeni mchezo huo Fort Jesus na Mji wa Kale, dalili zake zitoke katika mawe na vitu vilivyopo, na hazina iwe jambo la kugundua wala si kitu cha kutia mfukoni. Mombasa haihitaji haramia wa kubuni, kwa sababu ngome yenyewe ilijengwa kwa hofu ya watekaji wa baharini. Tena msako unaojengwa juu ya ukweli huwapatanisha ndugu kuliko ule wa peremende, kwa kuwa jibu halipungui likishirikiwa na wawili.

Anzeni na kisa chenyewe, mkiwasimulia watoto usiku wa kuamkia safari. Mwaka 1585 nahodha wa Kituruki aitwaye Mir Ali Bey aliingia pwani hii akitokea Bahari ya Shamu. Miji kadhaa ya Waswahili iliyokwisha kuchoshwa na Wareno ilimpokea, naye akaondoka na mateka na ngawira tele. Aliporudi baada ya miaka michache alijiimarisha Mombasa, lakini Machi 1589 msafara wa meli za Wareno kutoka Goa ulimkuta kisiwani, huku wapiganaji walioitwa Wazimba wakiwa wamepiga kambi bara, ng'ambo ya maji. Alinaswa, akapelekwa Lisbon. Wareno walipata funzo, na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kitaliano. Hapo msimulizi asiishie, maana kwa Wareno Mir Ali Bey alikuwa haramia, ilhali wao wenyewe, chini ya Francisco de Almeida, walikuwa wameupora na kuuchoma mji huu mwaka 1505. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa, aliwageuka Wareno na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliiacha, akaingia baharini kuziwinda meli zao. Muulizeni mtoto: kati ya hawa watatu, haramia ni nani? Swali hilo linatosha kumshughulisha mwenye miaka 12 anayejiona amepita umri wa kuvaa kitambaa jichoni.

Baada ya haramia, watoto watataka kujua ilipo hazina. Hapa pia Mombasa ina jibu lisilo la kubuni. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, majeshi ya Oman yaliizingira ngome hii. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, manowari ya mizinga 42 iliyojengwa Bassein huko India mwaka 1681, ilikuja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wanaakiolojia waliichimbua chini ya maji kwa utaratibu, na baadhi ya walivyovitoa vimo katika jumba la makumbusho ndani ya ngome. Mtoto atakayeingia akitarajia sanduku la dhahabu atakuta vyombo vya udongo, kaure na vifaa vya mabaharia. Asiruhusiwe kuvunjika moyo, maana hapo ndipo kiini cha msako. Haramia na mwanaakiolojia wote wawili hutafuta vitu vya kale chini ya maji. Wanatofautiana katika wanachokifanya wakishavipata. Haramia hung'oa na kuuza. Mwanaakiolojia huandika kwanza kitu kililala wapi, kando ya nini, kwa kina gani, kwa sababu mtungi uliotolewa bila maelezo hayo hauna la kusema. Mchezo mzuri ni ule unaowaingiza watoto ngomeni wakiwa maharamia na kuwatoa wakiwa wanaakiolojia.

Ngome hufunguliwa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nendeni milango ikifunguliwa tu. Kuanzia saa nne jua la Mombasa hupiga ua wa ngome bila huruma, hasa Januari hadi Machi, na mawe ya matumbawe huakisi mwanga machoni. Mvua za masika za Aprili na Mei huzifanya ngazi ziteleze. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo yenye hewa nzuri zaidi kwa watoto wadogo. Kiingilio hutofautiana kwa raia wa Kenya, wakaazi na wageni wa nje, na watoto hulipa chini ya watu wazima, hivyo bebeni vitambulisho na ulizeni viwango vya wakati huo kabla ya kufika. Mnaotoka Nairobi kwa treni ya SGR mtashukia Miritini, nje ya mji, na bado mtahitaji usafiri hadi kisiwani. Ndani ya mji tuktuk inaenea mzazi na watoto wawili. Vaeni viatu vya kukamata, bebeni kofia na maji, na mkipanda juu ya kuta mshikeni mkono kila mtoto wa chini ya miaka minane, maana kingo nyingi hazina kizuizi. Waongozaji hupatikana langoni. Ni watu wenye maarifa mengi, ila pataneni nao bei kwanza, na waelezeni kwamba leo watoto ndio watakaotafuta majibu.

Dalili tano zinatosha. Zikizidi, miguu itachoka kabla ya akili. Ya kwanza iwe langoni, ambako juu ya mlango kuna bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno ya miaka ya 1630: watoto watafute tarakimu wanazoweza kuzisoma, kisha wakisie kwa nini mkuu wa ngome wa wakati huo alitaka kujisifu kwamba ameitengeneza upya ngome iliyotwaliwa mwaka 1631. Ya pili iwe mizinga: inaelekea wapi, na aliyeipanga alimtarajia adui kutoka bara au baharini? Ya tatu ni michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno waliolinda hapa, yenye meli na samaki. Kila mtoto achague meli moja na kuhesabu milingoti yake. Ya nne iko katika makumbusho: wachague kifaa kimoja kutoka Santo António de Tanná, wakichore, na waseme kilikuwa cha nani, nahodha au baharia wa kawaida. Ya tano ndiyo hazina yenyewe, na swali lake ni hili: kwa mtu aliyefungiwa humu miezi 33, kipi kilikuwa na thamani kuliko dhahabu? Wasipewe jibu. Waliozingirwa waliuawa na njaa na maradhi zaidi ya risasi, na watoto wakilijua hilo watazunguka ua mzima hadi wafike penye birika la maji ya mvua na kisima. Wakisimama hapo na kusema "maji," hazina imepatikana.

Sasa tuwageukie ndugu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wazazi wengi hungoja ugomvi wa likizo upite wenyewe. Lakini ugomvi mwingi wa msako hauletwi na tabia ya watoto. Huletwa na kanuni ya mchezo. Zawadi ikiwa moja na mshindi ni wa kwanza kufika, mfungua mimba mwenye miguu mirefu atashinda kila mara na kitinda mimba atajua hivyo tangu mwanzo. Badilisheni kanuni. Wote wawe mabaharia wa chombo kimoja, na kila mmoja apewe kazi ambayo mwenzake hawezi kuimaliza bila yeye. Anayejua kusoma awe karani: hushika daftari na kuandika. Asiyejua kusoma awe mlinzi wa mlingoti: hutafuta kwa macho na kuhesabu. Kwa michoro ya meli ukutani, mtoto wa miaka mitano huona mambo ambayo wa miaka kumi huyapita mbio, kwa kuwa wa kumi anasoma kibao cha maelezo. Wakiwa watatu, wa kati awe nahodha wa ramani, na unahodha uzunguke kila dalili. Jibu lisihesabiwe mpaka wote wakubaliane, nanyi wazazi mkae pembeni wabishane kidogo, mradi wanabishana juu ya mzinga wala si juu ya nani kaanza kumsukuma mwenzake.

Kuna watakaosema kwamba kuwachezesha watoto uharamia ni kuwafunza kutukuza wizi na mauaji. Pingamizi hili lina uzito, hasa kwenye pwani ambayo watu wake waliporwa na kuuzwa utumwani, na kwenye bahari ambayo jirani zake wa Somalia walisifika kwa utekaji wa meli miaka si mingi iliyopita. Lakini haramia wa katuni, mwenye kasuku begani, ndiye anayeutukuza wizi, kwa sababu hana anayemwibia. Haramia wa Mombasa ana majina, ana waliomwogopa na waliomkaribisha. Mtoto akishaambiwa kwamba mji ulichomwa, hawezi kuuona uporaji kuwa mzaha mtupu. Wengine watasema makumbusho si uwanja wa michezo. Ni kweli, na kwa hiyo msako huu hauna mbio wala makelele: kila dalili inamtaka mtoto asimame na kutazama kwa dakika kadhaa, ambayo ndiyo adabu ambayo makumbusho yoyote huiomba kwa mgeni wake. Pingamizi la tatu ni la watoto wenyewe, nalo ndilo gumu: mtoto anataka kushika kitu mkononi. Mpeni basi, lakini kisiwe kitu kilichookotwa ngomeni.

Tokeni mwingie Mji wa Kale, ulio hatua chache tu. Hapo zawadi ni ya kuliwa na inagawanyika bila ugomvi: viazi karai, mabuyu mekundu yanayopaka midomo rangi, kashata, na madafu kwa aliyekaukiwa koo. Njiani, dalili za ziada ziwe milango ya kuchonga, ambayo kila mmoja una nakshi zake, na Bandari ya Zamani, ambako majahazi yalifunga kwa karne nyingi kabla ya bandari ya Kilindini. Huu ni mtaa wa watu wanaoishi humo. Vaeni mavazi ya heshima, salimieni kabla ya kuuliza, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na Ijumaa mchana waachieni nafasi wanaokwenda msikitini. Onyo moja halina mjadala: mtoto asiokote kigae ngomeni wala kwenye magofu mengine ya pwani, hata kama kimelala tu njiani. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale vya Kenya. Lakini zaidi ya sheria, mtoto aliyeelewa kisa cha Santo António de Tanná atajua mwenyewe kwamba kigae kilichohamishwa kimenyamazishwa. Makombe na matumbawe ya ufukweni nayo yabaki yalipo, hasa ndani ya hifadhi ya bahari.

Mkiwa na nusu siku, fanyeni yote haya. Mkiwa na saa mbili tu, acheni bandari, punguzeni dalili hadi tatu, lakini makumbusho na birika msiyaache, maana bila hayo mawili msako unabaki mbio za kuzunguka kuta. Usiku ule, kabla ya kulala, waambieni watoto waandike ripoti moja, yenye majina yao wote chini yake, ikijibu maswali mawili: haramia alikuwa nani, na hazina ilikuwa nini. Wasipokubaliana juu ya haramia, waandike maoni yote mawili na kila mmoja atoe sababu yake. Wanahistoria nao hufanya hivyohivyo.