Lijue Jani la Muhogo: Jiko la Mmea na Mboga ya Nyumbani

Nyuma ya nyumba nyingi za Picha ya Ndege na maeneo jirani ya Kibaha na Kisarawe hapakosi shina la muhogo. Jani lake tunalichuma kwa mboga, lakini ni wachache wanaolitazama kwa makini. Makala haya yanaeleza jinsi jani hilo lilivyoundwa, na kwa nini mkulima na mpishi wote wanapaswa kulifahamu.

Muundo na kazi zake

Jani la muhogo limegawanyika mithili ya vidole, na limeshikwa na kikonyo kirefu. Juu limefunikwa na ngozi nyembamba yenye nta inayozuia maji kupotea. Chini ya ngozi hiyo zimepangwa seli ndefu zilizosimama wima, zenye umbijani kwa wingi. Umbijani ndio rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Chini zaidi zipo seli zilizoachana, zenye nafasi za kupitisha hewa.

Upande wa chini wa jani una vitundu vingi vidogo mno viitwavyo stomata. Hewa ya kabonidayoksaidi huingia humo, na mvuke wa maji hutoka. Hewa inapokuwa kavu, muhogo hufunga vitundu hivyo upesi; hii ni sababu mojawapo ya zao hili kustahimili ukame.

Mishipa ya jani ina njia mbili. Zailemu huleta maji na madini kutoka mizizini, na floemu hupeleka sukari iliyotengenezwa jani hadi kwenye mizizi, ambako hugeuzwa kuwa wanga. Kwa hiyo, anayechuma majani kupita kiasi hupunguza muhogo wake mwenyewe.

Jani linapotoa taarifa ya ugonjwa

Inzi weupe hukaa upande wa chini wa majani machanga na kufyonza utomvu wa floemu. Wakiwa wametoka kwenye mmea mgonjwa, huacha virusi humo. Magonjwa makuu ni mawili. Batobato, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi yetu, huonekana kwa mabaka ya njano na majani yaliyojikunja. Pale penye njano umbijani umepungua, hivyo chakula kinachotengenezwa hupungua pia.

Ugonjwa wa pili ni michirizi ya kahawia, ulioripotiwa Tanganyika mwaka 1936. Huu ni wa hila zaidi: njano hufuata kandokando ya mishipa ya majani ya chini yaliyokomaa, na shamba huweza kuonekana zuri ilhali mizizi inaoza ndani.

Magonjwa yote mawili husambaa pia kwa pingili. Kagua shina kabla majani hayajapukutika, ukianza na yale ya chini. Wakati wa kuvuna, kata mihogo na utazame ndani. Ukiona uozo mkavu wa kahawia, usichukue pingili za shina hilo wala kumpa jirani. Mimea michanga yenye dalili ing'olewe mapema.

Jani linapofika jikoni

Ndani ya seli za jani mna kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya kinachoivunja kimehifadhiwa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Tunapotwanga kisamvu, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sumu ya sianidi huzalishwa. Sumu hiyo ni nyepesi kugeuka mvuke, hivyo hutoka kisamvu kinapochemshwa.

Basi, desturi ya bibi zetu ina msingi wa kisayansi. Twanga hadi kilainike, chemsha kwa maji ya kutosha bila kufunika sufuria, ndipo utie nazi au karanga. Kisamvu kilichokatwakatwa tu na kuchemshwa kwa haraka si salama, hasa kwa watoto.

Wananchi wanaotaka ushauri wa mbegu safi wawaone Maofisa Ugani wa kata zao. Aidha, Kibaha tuna bahati ya kuwa na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kinachofanya utafiti wa mihogo. Kabla ya kupanda msimu ujao, geuza jani na utazame chini yake.