Adhuhuri ya Februari si ya Novemba



Naomba nafasi nizungumzie jambo lililozua mabishano katika msikiti mmoja hapa Dar es Salaam, katikati ya mwezi wa Februari. Msikitini humo kuna ubao ulioandikwa nyakati za swala kwa rangi ya mafuta. Adhuhuri imeandikwa saa 6:30, na kwa kuwa rangi hiyo haifutiki, ni 6:30 mwaka mzima. Siku hiyo muadhini alipoinuka, mzee mmoja aliyekaa barazani akamzuia: "Mwanangu, subiri kidogo. Jua bado halijapinduka." Vijana wakacheka. Mmoja akamwonyesha saa ya ukutani. Mwingine akatoa simu yenye programu ya nyakati za swala, nayo ikasema 6:37. Hapo ugomvi ukakolea. Wapo waliodai kuwa programu hizo hazifai, na ushahidi wao ni kwamba zinabadilisha Adhuhuri kila baada ya siku chache, ilhali saa sita ni saa sita.

Mzee alikuwa sahihi, na simu ilikuwa sahihi. Uliokosea ni ubao.

Sote tunajua kuwa wakati wa Adhuhuri haukufungamanishwa na saa ya ukutani. Suratul Israai, aya ya 78, inaamrisha swala kwa kupinduka kwa jua. Katika hadithi ya Jibril kumswalisha Mtume (s.a.w.), Adhuhuri iliswaliwa jua lilipopinduka na kivuli kikawa kifupi kama ukanda wa kiatu. Na hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, inakataza kuswali wakati jua likiwa wima kabisa mpaka lipinduke. Kwa hiyo dakika saba si jambo dogo. Mtu atasema iqama hukimiwa saa 6:45, basi jamaa inaangukia ndani ya wakati. Ni kweli kwa walio msikitini. Lakini mama aliye nyumbani akisikia adhana hutandika mswala palepale, akaswali rakaa nne kabla wakati haujaingia. Swala ile haikusihi, na yeye hana habari. Nani atabeba dhima hiyo?

Mimi sikutaka kubishana kwa maneno. Kesho yake nilisimamisha uani fimbo ya mita moja, nikaipima kwa uzi wenye jiwe ili isimame wima, kisha nikaizungushia duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 50. Wanazuoni wa zamani waliiita njia hii duara la Kihindi. Asubuhi kivuli ni kirefu, ncha yake iko nje ya duara. Ilipoingia ndani nikatazama saa: 4:53. Nikaenda kwenye shughuli zangu, nikarudi kusubiri itoke upande wa pili. Ikatoka saa 8:21. Katikati ya nyakati hizo mbili ni saa 6:37. Ukiunganisha fimbo na nukta iliyo katikati ya alama hizo mbili za duara, umepata mstari wa kaskazini na kusini, na siku yoyote ya mwaka kivuli kikishauvuka mstari huo jua limepinduka. Gharama yake ni fimbo na chaki.

Kwa nini basi isiwe saa 6:00 kamili? Sababu ya kwanza ni nyepesi. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya 45 mashariki, na Dar es Salaam iko kwenye 39 na ushei. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua hutufikia utosini wastani wa dakika 23 baada ya saa sita. Ndugu zetu wa Kigoma huchelewa zaidi yetu kwa dakika 38 hivi, japo saa zao na zetu zinasema namna moja.

Sababu ya pili ndiyo inayowachanganya watu. Dunia hujizungusha yenyewe kwa saa 23 na dakika 56. Lakini wakati inajizungusha, inatembea pia katika njia yake kulizunguka jua, kwa hiyo inabidi iongeze mzunguko kidogo, wastani wa dakika nne, ndipo jua lirudi pale lilipokuwa jana. Nyongeza hii hailingani kila siku. Mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147, na hukimbia. Mwanzoni mwa Julai iko kilomita milioni 152, na huenda polepole. Juu ya hayo, mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na huko kuinama nako huvuruga hesabu. Mwishoni mwa Desemba, kutoka zawali hadi zawali hupita saa 24 na nusu dakika. Katikati ya Septemba hupungua sekunde ishirini hivi. Utasema sekunde ni nini? Zikusanye siku baada ya siku: kufika tarehe 11 Februari jua limechelewa dakika 14 nyuma ya saa zetu, na tarehe 3 Novemba limetangulia dakika 16. Kwa Dar es Salaam, jua liko wima saa 6:37 mwezi wa Februari, na saa 6:07 mwanzoni mwa Novemba. Kuanzia kama tarehe 10 Januari hadi karibu tarehe 20 Machi, adhana ya saa 6:30 hapa mjini ni adhana kabla ya wakati.

Elimu hii si ngeni kwetu. Jedwali za falaki za al-Khwarizmi zilikuwa na hesabu yake, na al-Battani, aliyefariki mwaka 929, aliieleza. Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus, alichonga saa ya jua ya marumaru mwaka 773 Hijria (1371-72) na kuiweka kwenye mnara. Muwaqqit ilikuwa kazi ya msikiti, ya mtu aliyesomea nyota na hesabu. Sisi tumemwachia mchora mabango.

Magharibi nayo huguswa. Tarehe 3 Novemba na tarehe 8 Februari jua hupita njia ileile angani, na urefu wa mchana hapa kwetu ni uleule. Lakini Novemba linazama saa 12:17 jioni, na Februari saa 12:47. Ramadhani ya mwaka 2003 iliangukia zaidi Novemba. Ya mwaka 2026 imepangika Februari na Machi. Mwenye kuweka ratiba ya zamani ukutani kama kumbukumbu, asije akafuturu kwayo.

Nazishauri kamati za misikiti zifute saa za kudumu na kubandika ratiba ya mwezi kwa mwezi, iliyopigiwa hesabu ya mji wao wenyewe. Na Novemba ikifika, muadhini akiadhini Adhuhuri saa 6:10, asizomewe kwamba amewahi. Mpelekeni uani mkatazame kivuli.