Umetoka Kinangop, Umehamia Kayole: Namna ya Kulizoea Joto

Njabini, huko Kinangop Kusini, iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kayole, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, iko karibu mita 1,600. Kila ukiteremka mita 1,000, joto la hewa huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana mtu wa kwetu, aliyezoea kuona jalidi ikichoma majani ya viazi alfajiri ya Januari, akishuka Eastlands mwezi uo huo hujiona kama yuko ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Nimeishi kote kuwili, na ninalosisitiza kwa kila mgeni ni hili: joto linalotutesa huku liko ndani ya nyumba kuliko nje. Februari mchana hufika nyuzi 28 hivi, lakini usiku hushuka hadi 14 au 15. Ukiwa bado unatokwa na jasho saa tano usiku, tatizo ni slebu iliyo juu ya kichwa chako.

Kwa hiyo anza kabla hujalipa kodi. Vyumba vya ghorofa ya juu kabisa huwa nafuu, na asubuhi vinapendeza. Rudi saa tisa alasiri, uuguse ukuta kwa kiganja. Zege iliyopigwa na jua kutwa hulirudisha joto hilo ndani usiku, wakati wewe unatafuta usingizi. Mabati huwaka zaidi mchana, ila hupoa mapema jua likitua. Ningekushauri ghorofa ya pili au ya tatu, dirisha lisitazame magharibi. Kama mfuko umekulazimisha kukaa juu, funga pazia zito mchana. Jioni fungua dirisha na mlango pamoja, utundike pazia jepesi mlangoni kama majirani wa ploti wafanyavyo, na neti iwe kitandani.

Chakula ndicho kilichonisumbua zaidi. Kinangop githeri hulala mezani hadi asubuhi bila neno. Kayole, mwezi wa Februari, maharagwe yaliyolala hivyo huanza kutoa povu na harufu kali kabla ya adhuhuri. Chemsha githeri tupu, bila kitunguu wala nyanya, uchote cha kukaanga leo pekee. Kilichobaki kichemke tena usiku na asubuhi, kila mara hadi kitokote kabisa. Kikishaanza kuchacha kitupe, kwani kukichemsha tena hakukifanyi kiwe salama. Maziwa ya ATM yachemshe mara tu unapofika nyumbani, hata kama chai ni ya jioni.

Mwili nao hujifunza. Huchukua wiki moja hadi mbili kuanza kutoa jasho mapema na kulipunguza chumvi. Katika siku hizo, kama kazi yako ni ya mjengo au mkokoteni, anza alfajiri, pumzika kivulini saa sita, unywe maji kabla kiu haijakushika. Nunua nyungu ya udongo. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye kuta zake na kukauka kwa nje, na kule kukauka ndiko kunakoyapoza ya ndani. Haihitaji stima.

Kwenye matatu ya Jogoo Road, Januari na Februari, jua huwa upande wa kusini. Ukienda mjini kaa upande wa dereva. Ukirudi, kaa upande wa pili.

Masweta na blanketi usiuze. Julai itafika, na hata Kayole watu watavaa jaketi.

Sasa watoto, na hapa nawaomba akina mama wenzangu kutoka milimani wanisikilize. Naona vichanga vimevikwa sweta mbili, mavin na shali ya sufu katikati ya Februari, ngozi imepakwa mafuta mazito, shingo na mgongo vimejaa vipele vya joto. Mtoto wa huku atoshwe na vazi moja jepesi la pamba mchana. Mguse kifua au nyuma ya shingo: pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Aliye chini ya miezi sita mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usimpe maji. Akilegea, midomo ikikauka, au nepi ikikaa kavu kwa saa nyingi, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, usingoje kesho.