Usimuuze Bado Huyo Kifaranga wa Njano

Mdogo wangu wa Kentucky, barua yako nimeisoma nikacheka, wala si kwa kukudharau. Umetotolesha kware aina ya bobwhite, wengine wote wametoka kahawia, mmoja katoka njano, na wewe tayari unauliza bei. Tulia kwanza, mwaya.

Mtoe chini ya hiyo taa nyekundu ya joto, maana hapo kila rangi inadanganya. Msogeze dirishani mchana, umtazame haraka kabla hajapoa. Kifaranga wa kawaida wa bobwhite ana rangi ya kutu, mgongoni ana mstari mpana wa kahawia iliyokolea wenye kingo hafifu, na kuna kistari cheusi nyuma ya jicho. Wako je? Akiwa wa njano mwenye mistari ya kahawia mgongoni, nitakuuliza swali la aibu kidogo: yai lake lilikuwaje? Bobwhite hutaga mayai meupe, na huanguliwa baada ya siku 23 hivi. Kware wa Kijapani, yule ambaye ufugaji wake uliwatia watu wazimu kule Kenya mwaka 2013, mayai yake yana madoadoa na huanguliwa siku ya 17 au 18. Kama aliyekuuzia mayai alichanganya, jibu umeshalipata.

Lakini yai likiwa jeupe na kifaranga ni njano tupu, hapo pana jambo, kwa sababu kware watakaokuwa weupe ukubwani huanza hivyo hivyo. Chungulia jicho. Likiwa jekundu au la waridi, huyo ni zeruzeru. Likiwa jeusi, ni weupe wa namna nyingine. Na usimsingizie mama yake! Zeruzeru hurithi kwa wazazi wote wawili: baba kahawia, mama kahawia, kila mmoja kabeba asili hiyo bila kuionyesha. Wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hutoka hivyo.

Majina makubwa yaache kwanza. Najua umeshasoma habari za Snowflake mwenye mabaka meupe, na Tennessee Red mwenye wekundu uliokolea, na moyo umeshakwenda huko. Manyoya ya utotoni hayatoshi kumpa ndege jina, sembuse kumtoza mnunuzi pesa.

Halafu lile la pili uliloliandika pembeni, kwamba wengine wana unyoya mweupe mmoja mmoja bawani. Hilo mimi silihesabu kuwa rangi. Unyoya ulionyofolewa na wenzake unaweza kurudi mweupe, na chakula chenye upungufu wa protini nacho huharibu manyoya. Soma mfuko wa chakula: vifaranga hawa wanataka protini ya asilimia 28 hivi, kwa hiyo chakula cha kuku wa mayai hakiwafai. Na kama wanadonoana, wapunguze, wamebanana.

Mvishe huyo wa njano pete mguuni, uandike na wazazi wake ni akina nani. Kuanzia wiki ya nane hivi tazama uso na koo za wale wa kahawia: dume huanza kuwa na weupe, jike rangi ya mchanga. Mavazi kamili ya ukubwani yanakuja kwenye wiki ya 15 au 16, na ndipo tutazungumza bei.

Ila kabla ya hiyo bei, ulizia kibali. Bobwhite ni ndege wa porini wa huko huko Marekani, na majimbo mengi yana sheria juu ya kumfuga na kumuuza. Leseni ya jimbo lako unayo?