Dondoo muhimu: Kabla ya kulipia kozi ya usaidizi wa meno

Anayeishi Forest, manispaa ya Brussels, na kutaka kazi ya msaidizi wa daktari wa meno asikimbilie kulipia kozi. Ajiandikishe kwanza Actiris, ofisi ya ajira ya Brussels, maana mafunzo ya Bruxelles Formation, taasisi ya umma ya mafunzo ya kazi kwa Kifaransa, hayalipishwi kwa mtafuta kazi aliyesajiliwa, kisha aulize kuna nafasi gani. Wala asichanganye kazi hii na ya mtaalamu wa usafi wa kinywa, taaluma iliyotambuliwa kisheria Ubelgiji mwaka 2018 na kusomewa miaka mitatu. Msaidizi huosha vifaa, huvikausha, huvifunga, ndipo avitie kwenye mashine ya mvuke, mara nyingi kwa nyuzi 134. Kifaa kilichoingia na damu iliyoganda hakitakasiki sawasawa, na hapo ndipo mwajiri hupima umakini.

Wapo watakaosema bila cheti huajiriwi. Cheti kinasaidia, sikatai. Lakini lugha nayo ina uzito: Brussels ni mji wa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na mgonjwa anayepiga simu akiugulia jino hana subira na kigugumizi cha anayeipokea. Mwenzetu wa Bukavu au Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa ajiongezee Kiholanzi cha mapokezi. Aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam atangulize Kifaransa, tena mapema.