Moyo wa Baba na Moyo wa Mama



Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwazoeza wanafunzi wangu kuanza kila somo kwa jambo ambalo wasikilizaji wao wanalijua. Basi nami naanza na jambo la nyumbani kwetu.

Mwaka 2014 shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa shambani akichuma machungwa. Ghafula alishika kifua kwa mikono miwili, akaketi chini huku jasho likimtiririka. Alikuwa na umri wa miaka 57. Vijana waliokuwapo walisema mara moja, "Huyu ni moyo." Wakambeba, wakasimamisha gari la mizigo, na baada ya saa mbili alikuwa mikononi mwa daktari. Yu hai hata leo.

Mwaka 2019 ikawa zamu ya dada mwenyewe. Yeye hakushika kifua. Kwa muda wa juma zima alilalamika uchovu. Akitoka kisimani alipumzika mara mbili njiani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Kisha usiku mmoja akashikwa na chembe cha moyo, kichefuchefu, na maumivu ya taya kama ya jino. Alisema ni kiungulia. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda dukani kumnunulia dawa ya tumbo. Asubuhi alikwenda zahanati, akaambiwa ana vidonda vya tumbo, akarudi nyumbani na kupika chakula cha jioni. Siku ya tatu alianguka jikoni. Hospitali walipompima waliona ya kuwa moyo ulikwisha kupatwa na mshtuko tangu ule usiku wa kwanza, na sehemu kubwa ya msuli wake ilikuwa imekufa. Tulimzika baada ya siku tisa.

Nyumba ilikuwa moja, na ugonjwa ulikuwa mmoja. Kwa nini mume alitambuliwa na mke hakutambuliwa? Hilo ndilo somo letu. Tutatazama mambo manne.

1. Mshtuko wa moyo ni nini?

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi hivi. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini, lakini na wenyewe wahitaji damu, nayo huipata kwa mishipa maalumu iliyouzunguka. Kwa miaka mingi mafuta huweza kuganda katika kuta za mishipa hiyo, kama uchafu unavyoganda ndani ya bomba la maji. Siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka, damu hufanya donge mahali pale, na njia huziba. Sehemu ya msuli isiyopata damu huanza kufa. Kwa hiyo kila saa inayopita ina thamani yake.

Hayo ni kwa wote. Lakini kwa wanawake huonekana mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume kwamba mishipa mikubwa haikuziba, bali shida imo katika mishipa midogo. Hivyo mama aweza kuambiwa mishipa yake ni mizima, kumbe moyo wake haupati damu ya kutosha.

2. Tofauti ya umri

Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uitwao INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52. Katika uchunguzi huo wanaume walipatwa na mshtuko wa kwanza wakiwa na umri wa miaka 56 hivi, na wanawake wakiwa na miaka 65 hivi. Ni tofauti ya miaka tisa. Kabla ya kukoma hedhi, homoni za mwanamke husaidia kuilinda mishipa yake; baadaye ulinzi huo hupungua.

Kwa sababu hiyo watu wengi walidhani ugonjwa wa moyo ni wa wanaume. Sivyo. Duniani kote maradhi ya moyo na mishipa ya damu yanaua wanawake wengi kuliko maradhi mengine yoyote, hata saratani. Mwanamke huchelewa kuyapata, lakini hakuepushwa nayo.

3. Tofauti ya dalili

Tusipotoshane hapa. Maumivu au uzito wa kifua ndiyo dalili ya kawaida kwa wote wawili. Lakini wanawake, zaidi ya wanaume, huweza kuwa na dalili nyingine pamoja nayo, au hata bila hiyo: kukosa pumzi, kichefuchefu na kutapika, maumivu ya taya, shingo, mgongo au chembe cha moyo, jasho baridi, na uchovu usio wa kawaida ambao huenda ukaanza siku kadhaa kabla.

Hata wataalamu wamekosea kwa jambo hili, kwa kuwa mengi waliyofundishwa yalipatikana kwa kuwachunguza wanaume. Katika miaka ya 1980 huko Marekani dawa ya aspirini ilijaribiwa kwa madaktari 22,071, wote wanaume. Ilionekana kupunguza mshtuko wa kwanza wa moyo. Jaribio kama hilo lilipofanywa kwa wanawake karibu 40,000, matokeo yake yalitangazwa mwaka 2005: kwa jumla aspirini haikuwapunguzia mshtuko wa kwanza wa moyo, bali iliwapunguzia kiharusi. Mwaka 1991 Dkt. Bernadine Healy, mtaalamu wa moyo wa Marekani, aliandika akilalamika kwamba mwanamke hatibiwi sawasawa mpaka kwanza aonyeshe kuwa anaugua kama mwanamume.

4. Tofauti ya hatari

Shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, mafuta mengi katika damu, unene wa kiuno na kutofanya mazoezi huwadhuru wote. Lakini kisukari na uvutaji wa sigara huongeza hatari ya moyo kwa mwanamke kuliko kwa mwanamume. Tena yako mambo yanayomhusu mwanamke peke yake: aliyepata shinikizo la damu, kifafa cha mimba au kisukari wakati wa ujauzito, na aliyekoma hedhi mapema kabla ya miaka 40, yuko katika hatari zaidi miaka ya mbele. Wengi hudhani mambo hayo yaliisha siku mtoto alipozaliwa. Yafaa kumwambia daktari, hata kama mtoto huyo sasa naye ni mzazi.

Tufanye nini?

Kwanza, akina mama waliopita miaka 40 wapimwe shinikizo la damu na sukari kila mwaka, wasingoje kuugua. Pili, mama akiwa na dalili tulizozitaja, zikaja ghafula au zikazidi kwa dakika chache, asipewe dawa ya tumbo na kuambiwa angoje kukuche. Apumzike, asitembee, na apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo. Tatu, anayemsindikiza aseme wazi, "Tunaomba apimwe moyo." Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Nne, mtu asianze kumeza aspirini kila siku kwa shauri la jirani. Hilo ni la daktari.

Dada yangu alikuwa mtu wa kuwahudumia wengine kwanza. Alipoulizwa hali alijibu, "Sijambo, ni uchovu tu." Sisi tuliomzunguka tulilipokea jibu hilo kwa sababu lilitufaa, chakula kilipikwa na maji yalichotwa. Mama wa nyumbani kwako akisema hivyo, muulize mara ya pili.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja dalili nne za mshtuko wa moyo zisizokuwa maumivu ya kifua.

2. Je, unajua mama yako, mke wako au dada yako alipimwa shinikizo la damu mara ya mwisho lini?

3. Usiku wa manane mama ameshikwa na chembe cha moyo na jasho linamtoka. Gari litapatikana kwa nani, na fedha zitatoka wapi? Amueni leo, kabla ya usiku huo.