Chemsha Kwanza, Gandisha Baadaye: Kefiri na Mtindi Salama Nyumbani

Maziwa yaliyoganda si mageni kwetu. Wakalenjin wana mursik, wafugaji wengi wana kibuyu chao cha maziwa, na mijini mtindi au maziwa lala hununuliwa dukani kwa pakiti. Kefiri, inayozidi kupata wapenzi, asili yake ni kwa wafugaji wa milima ya Caucasus, kusini mwa Urusi. Tofauti yake na mtindi ni kwamba huanzishwa kwa chembe nyeupe, laini, zenye umbo la vishada vidogo vya koliflawa, ambamo bakteria na hamira huishi pamoja. Kijitabu hiki kinatetea jambo moja: faida yote ya maziwa haya hupatikana kutokana na maziwa yaliyochemshwa, na hakuna sababu ya kutosha ya kuendelea kugandisha maziwa mabichi.

Faida yake ni ipi?

Bakteria wa mtindi na kefiri hula laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, na kuigeuza asidi. Asidi hiyo ndiyo huleta uchachu na kuyashikanisha maziwa. Kwa kuwa sehemu ya laktosi imekwisha kuliwa, na bakteria hai huendelea na kazi hiyo tumboni, mtu anayejaa gesi au kuharisha kila anywapo maziwa ya kawaida mara nyingi huyastahimili yaliyoganda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulipima watu wazima 15 wasiomeng'enya laktosi vizuri, na kefiri iliwasumbua kwa gesi kidogo kuliko maziwa. Watu 15 ni wachache, lakini matokeo hayo yanaafikiana na yale ya mtindi, ambayo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliyakubali mwaka 2010. Isitoshe, kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Zaidi ya hapo tuwe waangalifu. Anayeuza kefiri kama dawa ya saratani, kisukari au shinikizo la damu anadai yasiyothibitishwa, na mgonjwa asiache dawa zake kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Kwa nini kuchemsha?

Wapo wanaosema kwamba uchachu huua vijidudu, hivyo moto hauhitajiki. Ni kweli kwamba asidi huzuia vijidudu vingi kuongezeka, lakini kuzuia si kuua. Bakteria wa brusela wanaweza kubaki hai siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyoganda, na kifua kikuu cha ng'ombe nacho humfikia binadamu kwa njia ya maziwa mabichi. Joto, kwa upande wake, halibahatishi: viwandani nyuzijoto 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuviua, na maziwa yanayochemka jikoni yamepita kiwango hicho kwa mbali.

Wengine husema wazee walikunywa mabichi na hawakuugua. Tujiulize tungejuaje. Brusela huleta homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo, dalili ambazo hufanana na malaria au homa ya matumbo. Mtu anaweza kutibiwa malaria mara kadhaa bila mtu yeyote kukitazama kibuyu cha maziwa. Ng'ombe naye anaweza kuonekana mzima huku maziwa yake yana vijidudu. Hoja ya tatu ni kwamba moto huharibu virutubisho. Hupunguza baadhi ya vitamini, lakini protini na kalsiamu, ambazo ndizo hasa tunazozifuata katika maziwa, hubaki.

Kikwazo cha kweli ni kingine. Maziwa mabichi huganda yenyewe kwa bakteria waliomo, lakini yaliyochemshwa yakiachwa hivyo huoza badala ya kuganda vizuri, maana bakteria wazuri nao wamekufa. Kwa hiyo baada ya moto ni lazima uyatie mbegu: chembe za kefiri, au mtindi wenye bakteria hai.

Namna ya kutengeneza

Chemsha lita 1 ya maziwa huku ukikoroga yasishike chini. Yafunike, kisha yaache yapoe mpaka uweze kushika ubavu wa sufuria bila kuungua; yakiwa moto yataua mbegu. Mimina kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yanayochemka. Tia vijiko vikubwa 2 vya chembe za kefiri, au vijiko vikubwa 3 vya mtindi usio na sukari. Funika kwa kitambaa safi, kwani hamira ya kefiri hutoa gesi, na chupa iliyokazwa mfuniko inaweza kupasuka. Weka mahali penye kivuli kwa saa 24; penye joto kama Mombasa au Dar es Salaam, anza kuangalia baada ya saa 12. Yakishikana na kutoa harufu ya uchachu safi, yako tayari. Chuja chembe kwa chujio la plastiki na uzitie mara moja kwenye maziwa mengine yaliyochemshwa na kupoa. Usigandishe ndani ya sufuria ya alumini, kwa sababu asidi huila.

Maziwa yasipoganda kabisa licha ya mbegu nzuri, muulize aliyekuuzia kama ng'ombe alikuwa amechomwa sindano ya antibiotiki. Dawa hiyo huua mbegu, na maziwa hayo hayafai kunywewa. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi, mwaga yote pamoja na chembe.

Nani awe mwangalifu?

Mtoto chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Mwenye mzio wa protini ya maziwa asitumie, kwa kuwa kuganda hakuiondoi. Mwenye kinga dhaifu aulize kwanza kituo cha afya. Hamira ya kefiri pia huacha kileo kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Anayejizuia nacho kwa sababu ya dini atumie mtindi, ambao bakteria wake hutengeneza asidi. Kwenye jokofu maziwa haya hukaa wiki nzima. Bila jokofu, tengeneza kiasi cha kumalizwa siku hiyo hiyo. Nyumba yenye jiko, chupa safi na vijiko vichache vya mbegu ina kila kinachohitajika, na dakika chache za moto ni gharama ndogo kuliko miezi ya homa isiyojulikana chanzo chake.